UZI: UConn 2008-09, Hasheem Thabeet na ile mechi ya nyongeza sita. Njooni tuukumbuke ule msimu kama ulivyokuwa

Mkaa Upanga:

Wakuu habari zenu. Nimevumilia miaka mingi sasa basi. Kila jina la Hasheem Thabeet likitajwa, iwe kijiweni, iwe kwenye magrupu, kuna mtu lazima aruke na sentensi ile ile, "alichaguliwa namba mbili mbele ya Harden na Curry halafu akafeli", yaani ile drafti ya 2009, siku timu za NBA (ligi kuu ya kikapu Marekani) zinapochagua wachezaji wapya, mada imefungwa. Na ukimuuliza huyo mtu kama alishawahi kumuona Hasheem akicheza chuo, hata kipindi kimoja tu, hajawahi. Sasa mimi nataka leo tuongee chuo. NBA tuiweke pembeni kidogo tutaifikia.

Machi 2009 nilikuwa nasoma Dar na kila asubuhi kabla ya kipindi napita intaneti kafe moja nalipia nusu saa. Wakati ule mkonga wa baharini bado haujafika, ulikuja Julai mwaka huo huo, kwa hiyo intaneti ilikuwa ya setilaiti na inajikokota, video usahau. Unachofanya ni kufungua ukurasa wa matokeo, unasubiri, unabonyeza tena, unasubiri. Ijumaa ya tarehe 13 nimefika pale kama saa moja na nusu asubuhi nikijua nakuja kusoma matokeo ya mechi iliyokwisha zamani, UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, alikosoma Hasheem) na chuo cha Syracuse, robo fainali ya ligi yao ya vyuo, Big East, pale Madison Square Garden. Ukurasa unafunguka naona bado inachezwa. Nikadhani kompyuta imeganda. Nikabonyeza tena, namba zimebadilika. Kumbe wako nyongeza, ule muda wa ziada timu zikifungana! Nikaongeza nusu saa nyingine, wanaenda nyongeza ya nne, ya tano, ya sita. Mwenye kafe akaja kuuliza kwanini nimesimama. Mechi imekuja kuisha saa mbili na dakika 22 asubuhi kwa saa zetu, kule New York ni saa saba na dakika 22 usiku, Syracuse 127 UConn 117. Saa tatu na dakika 46 za mechi moja ya kikapu. Kipindi cha asubuhi kilishanipita na sijawahi kujutia.

Na katikati ya hiyo mechi, yule mrefu kuliko wote uwanjani, mita 2.21, alikuwa mtoto wa Dar aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15 hivi. Hicho ndicho ninachotaka tukiongelee.

Pivoti_Temeke:

Umenikumbusha mbali mkuu. Ila tuwe wakweli, namba mbili ya drafti ni namba mbili ya drafti. Watu walitegemea makubwa.

Mkaa Upanga:

Ni kweli mkuu wala sikatai. Lakini swali langu ni moja, kwanini alichaguliwa namba mbili? Wale watu wa Memphis, timu ya NBA iliyomchagua, hawakuokota jina kwenye kofia. Angalia kazi yake ya miaka mitatu pale UConn. Mwaka wa kwanza, 2006-07, pointi 6.2 kwa mechi, ribaundi (mipira anayodaka ikikosa kapu) 6.4, bloku (mipira ya wapinzani anayozuia ikielekea kapuni) 3.8. Mwaka wa pili pointi 10.5, ribaundi 7.9, bloku 4.5. Mwaka wa tatu pointi 13.6, ribaundi 10.8, bloku 4.2. Kila mwaka anapanda ngazi. Mchezaji bora wa ulinzi Big East mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, na hiyo 2009 akawa mchezaji bora wa ligi nzima pamoja na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Chama cha makocha Marekani nzima nacho kikampa mlinzi bora wa nchi.

Kuna mechi na Providence alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Bloku kumi wakuu, kwa dakika 40. Mtu anapanda na mpira wake safi anautoa mkononi, kabla haujafika juu keshaupiga kofi. Bloku 417 kwa miaka mitatu, na mbele yake katika historia ya chuo kizima yuko Emeka Okafor peke yake mwenye 441.

Mama Kikapu:

Naomba niongeze kitu kwa ndugu zangu ambao hawaijui Big East ya wakati ule maana bila hiyo hamtaelewa uzito wa hizo tuzo. Ile 2009 Big East ilikuwa na timu 16 na ilikuwa moto wa kuotea mbali. Kwenye mashindano ya taifa ya NCAA kuna kanda nne, kila kanda ina timu moja iliyopangwa namba moja. Mwaka ule katika hizo nne, TATU zilitoka Big East, UConn, Pittsburgh na Louisville. Zilipobaki timu nane za mwisho nchi nzima, nne ni za Big East. Sasa kijana awe mchezaji bora wa ligi ya namna hiyo halafu leo tukae tuseme alikuwa mrefu tu? Hapana jamani.

Mimi nilicheza kikapu cha wanawake hapa Dar miaka hiyo na nakumbuka jinsi mabinti pale uwanjani walivyoanza kuuliza habari za Connecticut. Maana chuo hicho hicho wanawake wao ndio balaa zaidi. Mwaka 2004 timu ya wanaume na ya wanawake zote mbili zilichukua ubingwa wa taifa msimu mmoja, chuo cha kwanza kufanya hivyo, na 2014 wakarudia.

Mbongo wa Hartford:

Nimeona uzi nikasema hapa lazima niingie. Naishi huku Connecticut mwaka wa kumi na kitu sasa. Niwaambie kuhusu Storrs kwenyewe kwa sababu watu wakisikia chuo bingwa wa kikapu wanawaza jiji kubwa. Storrs ni shamba. Kabisa. Chuo kilianza 1881 kama shule ya kilimo na mpaka leo unaona ng'ombe wa maziwa, chuo kina duka lake la aiskrimu inayotokana na maziwa hayo hayo watu wanapanga foleni. Ukitaka picha ya haraka fikiria SUA pale Morogoro halafu katikati yake weka uwanja wa ndani wa watu elfu kumi. Huo ndio Gampel Pavilion, ulifunguliwa Januari 1990, una paa la kuba, na siku ya mechi kelele zinagonga pale juu zinakurudia kichwani. Mechi nyingine wanachezea mjini Hartford, nusu saa hivi kwa gari.

Sasa baridi ya kule Januari... Nikiwaza mtoto ametoka Dar, akapita Kenya, akasogea mpaka Texas, halafu anapelekwa Storrs theluji hadi magotini, na ndani ya miaka mitatu anakuwa mchezaji bora wa ligi, mimi hapo navua kofia.

Nairobi_Senta:

Sasa wasee wa Bongo, hapo kwa Kenya msipite haraka hivyo hehe. Hasheem alikuwa huku kwetu shule kabla aende majuu. Sisi tuliokuwa tunacheza hoops Nairobi hiyo time tulikuwa tunaskia tu kuna boy mrefu ametoka TZ na anablock kila kitu. Tukamuona kwa TV akiwa na jezi ya UConn tukasema aki huyu ni wetu pia.

Swali yangu, hiyo UConn ilikuwa imejaa watu ama ilikuwa ni yeye tu?

Mkaa Upanga:

Ndugu yangu Kenya mna haki yenu kwenye hadithi hii, karibu sana.

Timu ilikuwa imejaa. A.J. Price ndiye mchezesha timu, mwaka wa mwisho, alikuwa amerudi baada ya kukatika kano ya goti kwenye mashindano ya 2008, ile siku waliyofungwa na San Diego 70-69 kwa nyongeza raundi ya kwanza. Jeff Adrien, kifua kama mlango, anagombania kila ribaundi. Stanley Robinson anaruka kama ana springi. Jerome Dyson, ambaye nitarudi kwake maana yeye ndiye kidonda changu. Craig Austrie, Gavin Edwards. Na kuna dogo wa mwaka wa kwanza ametoka Bronx anaitwa Kemba Walker, hakuwa hata anaanza mechi nyingi. Mkumbukeni huyo.

Kocha ni Jim Calhoun. Huyu mzee inabidi nimuongelee kirefu maana historia yote ya kile chuo inazunguka kwake. UConn walikuwa waanzilishi wa Big East 1979 lakini kwa miaka mingi walikuwa wanapigwa tu na Georgetown, na St. John's, na Syracuse. Calhoun anafika 1986 kutoka Northeastern, msimu wa kwanza anashinda mechi 9 anapoteza 19. Watu wakasema tumeleta nani huyu. Miaka miwili baadaye, 1988, anachukua NIT, yale mashindano ya pili kwa ukubwa. Halafu 1990 wanabeba Big East, wanaingia kwenye mashindano ya taifa, mechi na Clemson wako nyuma kwa pointi moja imebaki SEKUNDE MOJA. Scott Burrell anatupa mpira kutoka chini ya kapu lao mpaka upande wa pili wa uwanja, Tate George anadaka, anageuka, anaachia, unaingia, 71-70. Siku mbili mbele wanakutana na Duke, nyongeza, na Christian Laettner anawafanyia kile kile, 79-78, wametoka. Yaani ndani ya siku mbili wameonja vyote viwili.

Baada ya hapo akaja Ray Allen, wakawa wanafika mbali hawafiki mwisho. Mpaka 1999. Duke wamekuja fainali na rekodi ya 37 kwa 1, yaani ushindi 37 na kipigo kimoja, kila mtu anasema wanachukua, Richard Hamilton akaweka 27, UConn 77-74. Ubingwa wa kwanza. Halafu 2004 na Okafor na Ben Gordon, wakaipiga Georgia Tech 82-73 San Antonio. Okafor wazazi wake Wanaijeria, na yeye pia alienda namba mbili ya drafti.

Kwa hiyo Hasheem anapofika 2006 hakufika kwenye timu ya kawaida. Alifika mahali ambapo senta wa mwisho mwenye jina alikuwa bingwa wa taifa. Na timu ile ndiyo kwanza inasukwa upya, msimu wake wa kwanza walimaliza 17 kwa 14, hawakualikwa popote.

Mtu wa Lubumbashi:

Bandugu jambo. Mimi niko Lubumbashi, kwetu tukisema Big East na bloku tunaanza na Dikembe Mutombo, Mungu amupumzishe, alituacha Septemba 2024. Yeye alichezea Georgetown chini ya John Thompson, pamoja na Alonzo Mourning, na alifika kule kwa masomo, alitaka kuwa munganga wa hospitali. Siku moja aliblokia St. John's mara 12 mechi moja. Mimi wakati nilimuona Thabeet nilisema, ona, Big East imepata tena mutoto wa huku kwetu wa kuchunga kapu. Ile kazi ya kusimama chini ya kapu na kukatalia watu, sisi tunaiheshimu sana.

Pivoti_Temeke:

Hapo ndipo swali langu linapokuja sasa kaka wa Lubumbashi. Mutombo alienda NBA akawa mlinzi bora mara nne. Hasheem kwanini haikuwa hivyo? Nauliza kwa nia njema kabisa, na mimi nilikesha kumuona siku ya drafti.

Mkaa Upanga:

Swali zuri na hili nimelifikiria miaka. Watu wengi hawajui kwamba sheria za mchezo wenyewe ni tofauti. Chuoni hakuna sheria ya sekunde tatu kwa mlinzi. Senta anaweza kusimama chini ya kapu mechi nzima, hata kama mtu wake yuko kona nyingine, hakuna filimbi. NBA waliweka sheria hiyo 2001, ukikaa pale ndani zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu, ni kosa. Sasa mchukue mtu wa mita 2.21 mwenye mikono mirefu, mwambie simama hapa hapa usitoke, ni ukuta. Halafu mwambie kila sekunde tatu toka nje, mfuate mtu mwepesi mpaka mstari wa pointi tatu, rudi, toka tena. Ni kazi nyingine kabisa. Mutombo aliingia ligi 1991, miaka kumi kabla ya hiyo sheria, alikaa mlangoni kwake akatawala. Sisemi Hasheem angekuwa Mutombo, nasema mlango aliojengewa Mutombo yeye alikuta umehamishwa.

Halafu miaka. Mutombo alienda drafti na miaka 25. Hasheem alikuwa na miaka 22 na mpira ameujua kwa miaka saba tu. Akarushwa huku na kule, Memphis wakampeleka ligi ya chini msimu wa kwanza kabisa, kisha Houston, Portland, Oklahoma City. Baadaye akaenda Japani, Taiwan. Mtu aliyefanya kikapu kuwa ajira kwa miaka yote hiyo akizunguka dunia, mimi siwezi kumuita aliyefeli.

Mama Kikapu:

Sekunde tatu hiyo ni pointi kubwa sana. Pia tusisahau udhaifu wake ulionekana tangu chuo, tusimpambe. Wale wanaume wafupi wenye mwili mzito walikuwa wanamsumbua. Ile mechi ya kwanza na Pittsburgh.

Mkaa Upanga:

Dada, ile mechi inaniuma na nitaisema. Februari 16, 2009, Hartford, UConn ni namba moja nchi nzima, na siku hiyo Hasheem anatimiza miaka 22. DeJuan Blair ni mfupi kwake kwa sentimita kama 20 lakini upana wake ni wa kabati, na alikuwa anajua kukaa chini, makalio yake yanakusukuma taratibu mpaka unajikuta nje ya eneo lako. Mapema tu kwenye mechi wakagombania mpira, mikono ikanasana, Blair akamrusha Hasheem juu ya bega akaanguka chali. Picha ilizunguka Marekani nzima. Blair akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Pitt wakashinda 76-68. Baadaye mwaka ule ule madaktari wa timu za NBA walipompima Blair wakagundua magoti yote mawili hayana ile kano ya mbele ambayo ikikatika kwa mtu mwingine anakaa nje mwaka mzima. Yaani alifanya vile bila kano. Mpaka leo sielewi.

Lakini angalia kilichofuata. Mtu wa kukata tamaa angejificha. Hasheem aliamka, Februari 25 wakamshinda Marquette na Calhoun akapata ushindi wake wa 800, na msimu ukaisha yeye na huyo huyo Blair wanagawana tuzo ya mchezaji bora. Walimaliza msimu wote mechi 31 kwa 5, na katika hizo tano mbili ni Pitt.

Mbongo wa Hartford:

Na Dyson mkuu, ulisema utarudi kwake.

Mkaa Upanga:

Ndiyo. Februari 11, mechi ya kwanza na Syracuse UConn wakashinda 63-49, lakini Dyson akaumia goti, msimu wake ukaisha pale pale. Dyson ndiye alikuwa anamkaba yule mshambuliaji hatari wa pembeni wa timu pinzani na kufunga pointi zake nyingi bila makelele. Alipotoka, Price akabebeshwa kila kitu, na Kemba mwaka wa kwanza akapewa dakika ambazo hakutarajia. Mimi naamini kwa moyo wangu wote Dyson angekuwa mzima tungeongea habari ya ubingwa hapa. Mechi ya pili na Pitt, Machi 7, Dyson hayupo. Nyongeza sita na Syracuse, Dyson hayupo. Michigan State, hayupo.

Nairobi_Senta:

Enyewe hiyo six OT nimewahi kuona highlights tu. Si kuna time Syracuse walikuwa wameshinda kabisa ikakataliwa?

Mbongo wa Hartford:

Eric Devendorf. Imebaki sekunde moja na ushee, 71-71, mpira unatupwa urefu wa uwanja wote, unaguswa, unamfikia, anaachia pointi tatu, UNAINGIA. Jamaa akapanda juu ya meza ya waamuzi anashangilia, Garden nzima imesimama. Waamuzi wakaenda kwenye skrini. Mpira ulikuwa bado unagusa ncha za vidole vyake taa ilipowaka. Haihesabiki. Nyongeza. Na ajabu ni kwamba Syracuse hawakuwahi kuongoza hata sekunde moja katika nyongeza tano za kwanza. UConn wanaongoza, wanasawazishiwa, wanaongoza, wanasawazishiwa. Ile ya sita ndiyo Syracuse wakatangulia na hawakushikwa tena. Jonny Flynn alicheza dakika 67. Sitini na saba! Wachezaji wanane kwa pande zote walitolewa kwa kumaliza faulo, Hasheem mmojawapo. Price alifunga 33.

Huku Connecticut ukitaja ile mechi kwenye baa watu wazima wanashika kichwa mpaka leo.

Mkaa Upanga:

Na wiki moja baadaye walikuwa wanatakiwa kuanza mashindano ya taifa, miguu bado mizito, halafu Calhoun anaugua siku ya mechi ya kwanza analazwa. George Blaney msaidizi wake anashika timu, wanampiga Chattanooga 103-47. Mzee anarudi, Texas A&M 92-66. Purdue 72-60. Halafu Missouri kwenye fainali ya kanda, timu inayokimbia na kubana uwanja mzima, hapo ndipo dogo Kemba alipotoka kwenye kivuli, akafunga 23, wakashinda 82-75. Tanzania ina mtu kwenye nne bora za taifa la Marekani. Sijui kama watu hapa nyumbani walielewa uzito wake siku ile, magazeti yalikuwa yamejaa Simba na Yanga kama kawaida.

Nusu fainali Aprili 4, Ford Field, Detroit. Ni uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani wameweka ubao wa kikapu katikati, watu 72,456. Na wapinzani ni Michigan State, chuo cha hapo hapo Michigan, yaani umekwenda kucheza sebuleni kwa mtu. Jimbo zima la viwanda vya magari lilikuwa kwenye shida za uchumi mwaka ule na watu walikuja kama vile ile timu ndiyo iliyobaki. Kwetu ilikuwa usiku wa manane saa saba kuamkia Jumapili. Michigan State wakakimbia, wakakimbia, wakakimbia, hawakumpa Hasheem nafasi ya kufika akajipanga chini ya kapu. 82-73. Imeisha. Mwezi Juni, siku ya drafti, kamishna anasoma jina la pili baada ya Blake Griffin.

Pivoti_Temeke:

Aisee nimekuelewa. Hiyo ya kukimbia kabla hajajipanga inaingiliana kabisa na ile ya sekunde tatu. Wote walikuwa wanatafuta njia ya kumtoa pale chini tu.

Vipi kuhusu Kemba, ndiye yule wa 2011?

Mama Kikapu:

Ndiye! Na hapa ndipo napenda hadithi ya UConn. 2011 wamemaliza nafasi ya TISA kwenye Big East. Wanaingia mashindano ya ligi pale pale Garden, inabidi washinde mechi tano siku tano mfululizo. DePaul, Georgetown, halafu Pittsburgh, na mnamkumbuka Pittsburgh wakuu. Mechi imefungana, Kemba ana mpira, senta wa Pitt amejikuta anamkaba yeye, Kemba anakwenda mbele kisha anarudi nyuma ghafla, jamaa anaanguka chini, Kemba anaachia, muda umeisha, 76-74. Kesho yake Syracuse, kwa nyongeza. Nyongeza na Syracuse pale pale Garden, safari hii wakashinda. Kisha Louisville. Halafu wakaenda mashindano ya taifa wakashinda sita tena, fainali wakawabana Butler hadi Butler wakafunga mipira 12 tu kati ya 64, 53-41.

Kemba alikuwa kwenye lile benchi 2009 akiangalia kila kitu.

Mtu wa Lubumbashi:

Na kwenye ile timu ya 2011 kulikuwa Okwandu wa Nijeria. Yaani pale Storrs hapakosi mutu wa Afrika chini ya kapu.

Mbongo wa Hartford:

Umegusa pazuri kaka. Ukiwapanga unapata mstari mzima. 1999 alikuwepo Souleymane Wane wa Senegal. Okafor mzaliwa wa Houston ila damu ya Nijeria. Hasheem wetu. Charles Okwandu. 2014 baada ya Calhoun kustaafu, Kevin Ollie ndiye kocha, msimu uliotangulia walifungiwa mashindano kwa sababu ya matokeo mabaya ya darasani, ligi ya zamani imevunjika wamebaki na ligi mpya, wamepangwa namba saba, na mechi ya kwanza tu na Saint Joseph's walikuwa wanatoka. Amida Brimah wa Ghana, mwaka wa kwanza, akafunga huku amefanyiwa faulo, akaweka na ya adhabu, 70-70, nyongeza, wakapita. Bila Brimah hakuna ule ubingwa wa Shabazz Napier, Kentucky 60-54.

Halafu kikaja kipindi kigumu, Ollie akaondoka 2018, akaja Dan Hurley, 2020 wakarudi Big East. 2023 senta ni Adama Sanogo wa Bamako, Mali. Ramadhani iliangukia katikati ya mashindano ya taifa na Sanogo alifunga saumu. Mechi za mchana anacheza na njaa, nyingine anapata matunda na maji ya nazi jua likizama karibu na kuanza mechi. Akawa mchezaji bora wa nne bora, San Diego State 76-59. Siku ile nilikuwa msikitini huku kabla ya mechi, watu wa mataifa yote wanamuombea dua yule kijana. 2024 wakarudia, Purdue 75-60, na Samson Johnson wa Togo alikuwemo miaka yote miwili. Mataji sita, 1999, 2004, 2011, 2014, 2023, 2024.

Nairobi_Senta:

Six titles na ile team ya Hasheem haina hata moja. Hiyo inauma hata mimi.

Mkaa Upanga:

Inauma ndugu yangu. Lakini nimefurahi mmekuja.

Jana usiku nimeitafuta ile mechi ya Syracuse nikaipata nzima, nikakaa na mtoto wa dada yangu, ana miaka 14 na anacheza pale Don Bosco, mrefu tayari kunizidi. Hakuwa anajua matokeo na sikumwambia. Video inaenda vizuri, hakuna kusubiri ukurasa ufunguke. Nyongeza ya pili akasema mjomba kesho shule, nikamwambia kalale, akakataa. Hasheem alipopata faulo ya tano akaenda kukaa benchi na taulo, dogo akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu ni wa wapi hapa Dar?" Nikamwambia Makongo. Akasema "Makongo hii hii ya kwetu?" Tukaendelea kuangalia mpaka ikaisha.

Asubuhi ameniomba nimtafutie mechi ya Providence, ile ya bloku kumi. Mwenye nayo nzima aniwekee hapa tafadhali.